Gari dogo la kuunga, kadi ya mtu aliyekwishaondoka

Swali: Shikamoo fundi. Niko Ilazo, Dodoma. Miaka minne iliyopita nilinunua gari dogo la michezo kwa mhandisi Mwingereza aliyekuwa kwenye mradi wa barabara, akiwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ni gari la kuunga, mtindo wa Lotus Seven: halina milango, halina paa, bodi ni alumini na faiba, injini ni Toyota 4A-GE yenye kabureta mbili za Weber. Nalipenda, ila mwaka huu nimelitoa mara mbili tu. Tumepata mtoto wa pili na mama watoto anasema nafasi ya gari la familia imekaliwa na toi. Dalali amenitajia bei ya aibu. Kuna kijana wa mtaa wa Kisasa anataka tubadilishane na Noah yake, nami nimwongezee hela kidogo. Fundi wangu anashauri nichomoe injini na gia boksi niwauzie watu wa rali, bodi libaki. Na jambo moja nikiri: kadi bado ina jina la yule mhandisi, na injini iliyoandikwa kwenye kadi ni Ford. Niuzeje, na kwa bei gani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeanza na dalali, ukaja kwa Noah, ukapita kwa fundi, halafu kadi ukaitupia mwishoni kwa sentensi moja. Mimi naigeuza barua yako kichwa chini miguu juu. Tunaanza na kadi, kwa sababu bei zote za aibu unazotajiwa zinatoka humo.

Dalali akiona jina la kwenye kadi si lako, anajua huwezi kuhamisha umiliki, na anajua mtu mwenye hela zake halali hatakugusa. Anayebaki ni mnunuzi wa kubahatisha, naye analipa bei ya kubahatisha. Kijana wa Noah hali kadhalika. Anataka umwongezee hela wakati gari lako ni adimu kuliko lake mara elfu. Unadhani kwa nini?

Cha kwanza, jua gari hili liliingiaje nchini. Wahandisi wa miradi mikubwa, watu wa balozi na wa mashirika, wengi wao huingiza magari kwa msamaha wa kodi. Msamaha ule ni wa mtu, gari haliurithi. Likihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyosamehewa inadaiwa. Kama la huyo bwana lilikuwa hivyo, nanyi mkauziana kwa kupeana mikono na funguo, basi deni limelala ndani ya hilo gari mpaka leo, na utalijua siku utakapotaka kuuza, yaani sasa. Nenda TRA na nakala ya kadi, waombe wakuangalizie hali ya kodi kwa namba ya usajili na namba ya chesisi. Nenda mwenyewe, usimtume kishoka. Ukiambiwa kodi ilishalipwa, shukuru Mungu, rudi nyumbani ule ugali wako. Ukiambiwa inadaiwa, angalau utajua unauza nini.

Cha pili, mwandikie yule mhandisi leo hii, si wiki ijayo. Watu wakirudi kwao hubadili namba za simu na kazi, na gari la Dodoma linafutika kichwani mwao. Unahitaji mkataba wa mauziano uliosainiwa na nyote wawili, nakala ya pasipoti yake, TIN yake na yako, na kadi halisi, ambayo natumaini iko kabatini kwako. Kama mkataba wenu ulikuwa wa mdomo, au karatasi ya daftari iliyochanwa, mwombe asaini mpya. Kwa kuwa hatapanda ndege kuja kwa ajili yako, atengeneze hati ya uwakilishi mbele ya mthibitishaji wa hukohuko Uingereza, ampe mamlaka mtu aliye hapa asaini kwa niaba yake. Wakili wako wa hapa akuandalie maneno ya hiyo hati kabla hajaisaini, maana ikija na neno pungufu mtaanza upya. Kwenye mkataba kuna ushuru wa stempu, halafu kuna ada ya uhamisho na ya kadi mpya. Hela hizo zinauma kidogo, lakini ni ndogo kuliko punguzo ambalo kila mnunuzi atakulazimisha kwa sababu ya jina la mtu mwingine.

Kuna watu watakwambia uza hivyohivyo, "kwa kadi ya mzungu", shida ihame na gari. Mimi sikushauri. Mkataba wako na mnunuzi mpya utakuwa na saini ya mtu anayeuza kisicho na jina lake, na gari likigonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni wewe uliyeonekana nalo miaka minne.

Cha tatu, injini. Kadi inasema Ford, ndani kuna Toyota. Askari wa ukaguzi akifungua boneti na namba zisilingane, neno la kwanza kumjia kichwani ni wizi, na simlaumu. Mabadiliko ya injini yanatakiwa kuripotiwa na kuingizwa kwenye kadi. Gari linakaguliwa, namba inasomwa, nawe unaonyesha injini ilitoka wapi. Kwa hiyo kwenye barua hiyohiyo kwa mhandisi muulize nani aliibadilisha na risiti iko wapi. Namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku isafishe kwa brashi na petroli kidogo isomeke. Usiiguse kwa grenda wala msasa. Nimeona mtu mwaminifu kabisa akiisugua namba ing'ae, ikatoka na mikwaruzo, na kuanzia hapo kila anayeitazama anaona mwizi.

Hiyo Ford ya kwenye kadi wala haishangazi, na hapa nitoke nje ya njia kidogo kwa sababu ina uhusiano na bei. Magari haya yalianza 1957, Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus ya Uingereza, alipotoa Seven. Uingereza ya wakati ule, gari lililouzwa zima lilitozwa kodi ya ununuzi, lililouzwa vipandevipande mnunuzi aunge mwenyewe liliepuka kodi hiyo. Inasimuliwa kwamba haikuruhusiwa kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunga, basi Lotus wakampa maelekezo ya kufungua, ayasome kuanzia mwisho. Mwaka 1973 ikaja VAT badala ya kodi ile, na mwaka huohuo haki za Seven zikaenda kwa Caterham, wanaolitengeneza hadi sasa. Katika miaka ya 1980 wakaja Westfield, na baada yao mafundi wa mitaani wenye mashine ya kuchomelea na Ford Escort chakavu: unachomoa injini, gia boksi, difu na stelingi kwenye Escort, unavitia kwenye fremu ya mabomba, umemaliza.

Sasa angalia. Caterham, Westfield, na fremu aliyochomelea mtu nyuma ya nyumba yake, ukiyapanga pamoja pale Jamatini mtu wa kawaida hayatofautishi. Kwa bei hayafanani hata kidogo. Umeniandikia "mtindo wa Lotus Seven". Mnunuzi mwenye hela ataling'ang'ania hilo neno "mtindo" kabla hajauliza mwendo. Tafuta kibati cha chesisi, kipige picha. Muulize mhandisi kama ana nakala ya cheti cha usajili cha Uingereza, kile wanachokiita V5C. Kama namba yake ya kule ilianza na herufi Q, ujue ni gari ambalo umri au asili ya vipande vyake haikuweza kuthibitishwa. Si aibu, mengi ni hivyo, ila liseme mwenyewe kabla hujaulizwa.

Nikirudi kwenye gari lenyewe: lote linakaribia nusu tani. IST ya jirani yako ni karibu tani nzima. Utamu wote unatoka kwenye huo wepesi, na ubovu wote unatoka humohumo. Fremu ni mabomba membamba. Barabara za mjini kwetu zina matuta na rasta kila baada ya mita chache, na kila tuta linapigia palepale, mikono ya sasipensheni inaposhika fremu. Ufa huanza mwembamba kama unywele kandokando ya mchomeleo, na rangi inauficha.

Kuna njia ya kizee ya kuukamata, haihitaji mashine. Safisha hizo kona mpaka ziwe kavu. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa yaingie, futa yote mpaka kitambaa kisitoke na unyevu. Kisha saga chaki nyeupe, ile ya shule, upake unga wake juu ya mchomeleo. Gonga bomba taratibu kwa nyundo ya mpira. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari wa kijivu kwenye weupe wa chaki, mwembamba, umenyooka, utadhani mtu amechora kwa penseli. Chaki ikibaki nyeupe kote, piga picha, hiyo picha ina thamani kuliko ile ya gari likiwa na machweo nyuma yake. Ukiuona mstari, usipake rangi. Mtafute fundi anayechomelea mabomba membamba kwa TIG (mchomeleo wa gesi na umeme, wa moto mdogo unaodhibitika), umwambie atoe kibati cha alumini kwanza, maana waunga mageti wetu wakiwasha moto wao pale watakuachia tundu.

Kwa hili la kutu Dodoma imekubeba. Alumini na chuma vikigusana kwenye hewa ya chumvi vinalana, na gari la aina hii lililokaa Dar miaka minne kando ya bahari riveti zake hutoa unga mweupe, ukizibonyeza zinacheza. Hewa yetu ni kavu. Waandikie wanunuzi wa Dar hilo waziwazi: gari limeishi Dodoma. Ila jua letu limekula vitu vingine. Faiba ya pua na madigadi itakuwa imepauka, kompaundi na mkono wa subira vitairudisha. Matairi nayo, hata kama kashata zinaonekana mpya, soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Gari linalotoka mara mbili kwa mwaka matairi yake hayaishi kwa kulika, yanakauka. Kwenye gari la IST tairi kavu ni kero. Kwenye hili, lenye nusu tani na nguvu zote zikienda nyuma, kona ya kwanza baada ya manyunyu ya Desemba utajikuta unatazama ulikotoka.

Kabureta ndizo zitakazokusaliti siku ya mnunuzi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Kama Weber zako bado zina jeti (vile vitundu vinavyopima petroli) zilizofungwa Uingereza, zinamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Dalili utaziona: plagi nyeusi kama sufuria ya mkaa, harufu ya petroli gari likinguruma taratibu, na kukohoa ukikanyaga ghafla. Mwambie fundi ashushe jeti kuu hatua moja au mbili, aangalie plagi, ashushe tena kama bado. Jeti za zamani usizitupe. Zifunge kwenye mfuko, andika "Dar", kwa sababu mnunuzi wa pwani atazihitaji. Na chujio la hewa, kama ni sponji, lioshwe na kupakwa oili yake. Vumbi la Septemba hapa halina huruma, na kabureta zilizo wazi ubavuni zinalivuta moja kwa moja.

Sampu, yaani karai la oili chini ya injini, nakuachia kisa. Niliwahi kuwa na gari la ukoo huu, injini ya Ford 1600, nikakaa nalo miaka sita. Jioni moja natoka Buigiri narudi mjini, jua liko usoni, na wewe unajua pale ukielekea magharibi saa kumi na mbili kasoro unaendesha kwa imani. Tuta halikuwa na rangi. Nikasikia "ko!", kama mwiko umegonga sufuria tupu. Gari likaendelea vizuri tu, muziki wake uleule, nikajisemea hamna kitu. Kama si mazoea ya kutupia jicho geji ya presha ya oili ningeiua injini palepale, mshale ulikuwa unashuka huku nautazama. Nilizima kabla hata sijasimama. Nyuma yangu kulikuwa na mstari mweusi kwenye lami tangu lilipo tuta. Sampu ya alumini ilipasuka kona, nikavutwa na trekta hadi nyumbani, watoto wanashangilia njia nzima kama tumeleta mnyama. Kosa lilikuwa langu, mwendo ule na jua lile havikupatana. Wewe lipandishe gari lako juu ya mawe imara, siyo jeki peke yake, uchungulie sampu. Kama imekwaruzwa, mwonyeshe mnunuzi. Kama haina bamba la kinga, weka, ni kazi ya nusu siku.

Haya, bei. Kwa gari lisilo na soko, usiulize wenzako wanauza ngapi, hawapo. Uliza mnunuzi angetumia kiasi gani kulileta jingine. Chukulia gari la namna hii la zaidi ya miaka 10, thamani yake likifika bandarini pamoja na nauli na bima ni shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha wa 25% unalifikisha 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa 5% kwa injini iliyo kati ya cc 1,001 na 2,000 (4A-GE ni cc 1,587), na 30% ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10: tumefika 33.75. VAT ya 18% inatupeleka karibu milioni 40, na hatujagusa tozo ndogondogo, wakala, wala usajili. Kwa lugha fupi, kodi ni kama bei ya gari la pili. Viwango hivi huguswa kwenye bajeti kila Juni, basi hakikisha kabla ya kumtajia mtu.

Fanya hesabu hiyo kwa gari lako, kwa bei ya Uingereza ya gari lililo sawa nalo kwa jina na hali. Jumla unayopata ni dari, hakuna atakayeifika, maana anayeagiza anachagua rangi na injini anayoitaka, wako anachukua lililopo. Kwa maoni yangu, likiwa na kadi yenye jina lako na injini iliyosajiliwa, anzia kama robo tatu ya dari hiyo na uwe tayari kushuka hadi theluthi mbili. Likiwa kama lilivyo leo, hata nusu utaiomba kwa magoti.

Fundi wako wa kuchomoa injini simpingi kwa dharau, kuna kitu anakijua. 4A-GE ilitoka 1983, hedi yake ya valvu 16 Toyota waliisuka pamoja na Yamaha, na ikiwa na gia boksi ya T50 ya kuendesha magurudumu ya nyuma, wapenzi wa Corolla za zamani wataifuata hadi Dodoma. Zitauzika ndani ya wiki. Kisha? Utabaki na fremu yenye namba ya usajili, kadi yenye jina la Mwingereza, na bodi ambalo kuku watatagia. Hela ya haraka utaila, na lile lililofanya gari kuwa adimu utakuwa umelivunja mwenyewe. Kama mambo ya kadi yakigoma kabisa, mhandisi hapatikani na kodi imezidi thamani, hapo nitamwita fundi wako mimi mwenyewe. Kabla ya hapo, hapana.

Noah ni habari nyingine, na wala siidharau. Ina viti vya watoto, ina bei ambayo hata kondakta wa daladala anaijua, ukiipata Jumatatu unaweza kuiuza Ijumaa. Mama watoto atakaa kimya. Ninachokukataza ni kubadilishana leo, maana leo kijana anakadiria shida yako, hakadirii gari lako. Mwambie miezi mitatu. Ukirudi na kadi yenye jina lako, hela ya kuongeza itatoka upande wake, na wewe uikague Noah yake kwa jicho lilelile: kadi jina la nani, injini namba gani.

Yadi usipeleke. Yadi ni ya mtu anayepita akitafuta Harrier, na dalali wa pale atawakalisha watoto wa jirani ndani wapige picha mpaka stelingi ilegee. Mnunuzi wako ni mmoja, pengine wawili, nchi nzima. Anaweza kuwa Arusha, Dar, au hapohapo Mtumba kwenye wizara, na anaweza asijue Kiswahili, hivyo tangazo liwe kwa lugha zote mbili. Andika mtengenezaji wa chesisi, injini na gia boksi, uzito, mwaka, kadi jina la nani, kodi imelipwa. Kisha andika kasoro, zote, kwa sentensi fupi. Picha za tumbo la gari ziwe nyingi kuliko za pua. Mpenzi wa magari haya akiona picha ya chini ya gari isiyo na aibu, anapiga simu.

Akija, injini iwe ya baridi. Mwenye injini iliyokwisha huipasha kabla mgeni hajafika, na mgeni anayejua ataweka kiganja juu ya rejeta kabla hajakusalimia. Mtembeze kwanza wewe ukiendesha, asubuhi, barabara yenye lami nzuri na magari machache. Mfunge mkanda, na mwonye kuhusu egzosti inayopita ubavuni. Mimi ndama ya mguu wangu ina alama yake hadi leo, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, kwa sababu ya kushuka kwa mbwembwe mbele ya watu. Funguo mpe baada ya kuona leseni yake na baada ya kukubaliana kwa maandishi nani analipa akiparamia mtaro. Bima uliyonayo nadhani ni ndogo, na bima ndogo italipa uliyemgonga, haitalipa gari lako.

Malipo yapite benki, saini mkataba mbele ya wakili, na uhamisho uanze siku hiyohiyo. Ya miaka minne yasijirudie kwa mwenzako. Kama ni wa Dar, asiliendeshe kilomita 450 katikati ya malori hata akibembeleza, dereva wa lori halioni, liko chini ya kioo chake. Tafuta lori linalorudi tupu, mbao ndefu za kupandia ili tumbo lisikwame, na kamba zifungwe kwenye magurudumu. Vijana wa kupakia watataka kufunga kwenye mabomba ya fremu au mikono ya sasipensheni kwa sababu yako wazi na yanashikika. Simama pale mpaka wamalize.

Na lile sanduku la vidude usilisahau: jeti za "Dar", funguo ya akiba, risiti, riveti zilizobaki, na spana. Gari lako huenda likahitaji spana za aina mbili, za inchi kwa fremu ya Kiingereza na za milimita kwa injini ya Kijapani, na mnunuzi asiyelijua hilo atazikata boliti kichwa wiki ya kwanza.

Mhandisi akijibu, niandikie namba ya kwenye kibati cha chesisi inasomekaje, herufi kwa herufi, nikwambie ni la nani. Na kama una nafasi Jumamosi, lilete Kizota saa moja asubuhi kabla jua halijachachamaa. Njoo na mafuta ya taa, chaki ninazo.